Bahari Iliyochemka Hallunda

Wivu wa Severin ulianzia kwenye kahawa. Waswidi wa Hallunda wana desturi ya kukutana jioni na kujisomea pamoja, bila mwalimu, kila mtu akipewa zamu ya kuzungumza. Mwaka ule wa 1976 kikundi chao kilisoma habari za Wareno na safari zao za baharini. Severin, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Södertälje, alihudhuria na mkewe Paskalia, wote Wahaya wa Bukoba. Rafiki yao Zephania, Mgogo wa Dodoma, naye alikuwemo, na kila jioni Paskalia alimmiminia yeye kahawa kwanza. Mwenye wivu hahitaji kuonyeshwa mara mbili. Severin alirudi nyumbani amenuna, akiulizwa ana nini anasema kichwa.

Zamu ya Zephania ikafika. Akaeleza kwamba mabaharia wa kale waliogopa kwenda kusini, wakiamini bahari ya huko inachemka na kumbabua mtu akiwa hai.

"Msiwacheke," akasema. "Hata Bukoba wapo mabibi waliowaonya wajukuu hivyo hivyo. Jua hutoka ziwani, basi kule linakotokea maji yanachemka. Ndiyo maana alfajiri ziwa linafuka mvuke."

Waswidi wakapiga makofi. Paskalia alikuwa akitabasamu, macho yake kwa Zephania. Severin akaona mke wake anamponyoka hivi hivi, mbele ya watu, na yeye amekaa tu kama gogo.

Akasimama. "Mimi ndiye wa Bukoba," akasema kwa Kiswidi. "Huyu ametoka kwenye vumbi la Dodoma, ziwa amelionea wapi? Ametunga. Hakuna bibi wa kwetu mjinga kiasi hicho."

Zephania akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Paskalia, naye hakutumia Kihaya wala Kiswahili. Alisema kwa Kiswidi, polepole, kila mtu asikie.

"Huyo mjinga ni bibi yangu aliyenilea. Nilimwomba Zephania aseme kwa sababu mimi naona haya kusimama mbele za watu. Yeye nilimsimulia mara moja tu, sebuleni kwetu, nawe ulikuwepo umejifunika gazeti."

Akachukua koti lake.

"Wewe nilikusimulia kwanza, Severin, mwaka tuliooana. Ukaniambia ninyamaze, unasikiliza mpira."