Fundi wa Nembo Aliyeuchoma Uso Alioupamba

Jua la Mtama halijapata makali bado, lakini uani kwa Romana moto umeshakolea. Bati la debe lililotobolewa matundu limewekwa juu ya mafiga matatu. Ndani yake korosho zinachemka kwa mafuta yake zenyewe, zinaruka, zinashika moto. Romana amesimama upande unakotokea upepo. Anazigeuza kwa mti mrefu, anasubiri, kisha anapindua bati mara moja na kuumwagia moto mchanga.

"Rudi nyuma," anamwambia jirani yake Brigita, aliyekuja na kikapu. "Mafuta haya hayana adabu."

"Kila siku unaniambia hivyo, Romana. Mimi mgeni wa moshi huu?"

"Nitakuambia mpaka nife."

Brigita anarudi nyuma hatua mbili bila kubisha. Upande huu wa Mtama hakuna asiyejua kwa nini Romana huonya hivyo. Sababu imeketi kizingitini, imejitanda kanga mpaka chini ya jicho la kulia, inabangua korosho zilizopoa. Inaitwa Natalia.

Natalia ana miaka ishirini na miwili. Mama yake alifariki akimzaa, na Romana, dada mkubwa wa marehemu, akamchukua akiwa bado na damu ya uzazi mwilini. Kwa desturi za Wamwera, mtoto wa dada ni mtoto wako. Romana hajawahi kuzaa. Natalia humwita mama mkubwa mbele za watu. Wakiwa wawili humwita mama tu.

Jicho la kushoto la Natalia halifumbi. Kovu lililoanzia shavuni limevuta ukope wa chini hadi nyama nyekundu imejitokeza nje. Usiku hulala na kitambaa kibichi juu ya jicho. Mchana vumbi huingia litakavyo. Bwana Ahmadi, dresa anayetibu vidonda katika zahanati, humpa dawa ya kupaka, na hasemi uongo.

"Jicho ambalo halifumbi hukauka," anasema. "Likikauka hupata kidonda, na kidonda kikishika kioo cha jicho, basi. Limeanza kuwa na ukungu. Nimemwambia Natalia, nimemwambia na mama yake mkubwa. Mvua za mwaka huu zikikata barabara ya Lindi kabla hajakwenda, sitamwahidi kitu."

Mwezi Juni daktari wa Lindi alimtazama. Alisema kovu linaweza kukatwa ili ukope uachiliwe, kisha pengo lizibwe kwa kipande cha ngozi kutoka nyuma ya sikio. Kitanda kimewekwa kwa ajili yake Jumanne, tarehe 19 Novemba. Zimebaki siku sita.

Natalia amekataa. Kwa miezi mitano amekuwa na neno moja tu: hakuna atakayegusa uso wake tena.

Ili kuelewa kukataa huko, ni lazima kuijua kazi aliyoifanya Romana kabla ya korosho.

Romana alikuwa binti anayeng'oka meno ya utoto Waingereza walipowaondoa Wajerumani Lindi. Alipokuwa mwanamwali alifundishwa na bibi yake kuchanja nembo, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa fundi wa nembo mwenye jina kuanzia Mtama hadi vijiji vya mto Lukuledi. Wamwera na Wamakonde walimletea mabinti zao. Kisu chake kidogo kilichora paji la uso na mashavu, mistari ikikunjana kama mikeka ya ukindu, na ndani ya kila chale alisugua mkaa wa mbegu za mbarika ili weusi wake usiondoke. Uso mmoja ulilipwa kuku, au shilingi mbili.

"Mkono wangu haukutetemeka hata siku moja," anasema. Hasemi kwa majivuno. Anasema kama mtu anayesoma shitaka lake mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria tatu. Msichana akishachanjwa, hukaa juani mpaka mkaa ukauke, na fundi hupima muda kwa kivuli. Hanawi uso kwa siku tatu. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: halii. Binti anayelia siku ya nembo huimbiwa wimbo wa kumcheka mpaka anapoolewa.

Natalia alichanjwa akiwa na miaka kumi na miwili. Hakulia. Romana anasema ndiyo nembo nzuri kuliko zote alizopata kuchora.

Kisha nyakati zikageuka. Mabinti waliokwenda shule walirudi na nyuso tupu. Waliokwenda mjini walirudi wamejifunika. Mwaka 1955 Natalia alikuwa ameposwa na Kornelio, karani wa shamba la mkonge karibu na Lindi, akaenda mjini kununua vyombo vya arusi. Sokoni mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa alimtazama usoni, akawageukia wenzake.

"Mwanangu," alimwuliza, "hiyo ramani uliyochorwa inaonyesha njia ya kwenda wapi?"

Soko zima lilicheka. Mji una vioo vingi na huruma kidogo. Natalia alirudi Mtama bila sufuria hata moja, akamwambia Romana: "Uliniwekea wewe. Niondolee wewe."

Romana alifikiri kwa wiki tatu. Alikuwa ameona jambo ambalo kila mwanamke wa huku huliona na kulipuuza: anayebangua korosho mbichi hubabuka vidole, ngozi ya zamani hutoka kama ganda la kitunguu, na ngozi mpya huja chini yake, laini na nyeupe kidogo. Mafuta ya ganda ndiyo yanayobabua. Kama yanababua vidole, alijiuliza, kwa nini yasiibabue nembo?

Alijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya nembo ya utotoni. Anaukunjua mkono huo sasa auonyeshe. Mistari imefifia hadi kuwa kama kivuli, na ngozi ni nyororo. Jaribio lilikubali. Hilo ndilo linalomtesa.

"Lingenikatalia mkononi," anasema, "mwanangu angekuwa na uso."

Asubuhi ya kazi yenyewe alifanya kama alivyofundishwa na bibi yake. Alimlaza Natalia, akamshika kichwa kwa magoti, akapaka mafuta juu ya mistari kwa unyoya wa kuku. Halafu akamkalisha juani. Angojee, alimwambia, mpaka kivuli cha mlimau kifike kizingitini.

Nembo zilitaka jua. Mafuta ya korosho hayakulitaka. Jua lilileta jasho, jasho likayachukua mafuta, yakatiririka kutoka paji la uso hadi kwenye ukope, kutoka shavuni hadi kwenye pembe ya mdomo. Romana alikuwa hatua kumi tu, akitwanga mihogo. Kila mara aliuliza: "Mwanangu, vipi?"

Na kila mara Natalia alijibu: "Vizuri, mama."

"Nilikuwa naungua," anasema Natalia. Ni mara ya kwanza asubuhi hii anafungua kinywa. Sauti yake ni ndogo, na pembe ya mdomo iliyovutwa huyabana maneno mengine. "Nilijua naungua. Lakini siku ya nembo halii mtu. Nikasema hata ya kuondolea ni siku ya nembo. Nikanyamaza."

Kivuli kilipofika kizingitini, ngozi ilikuwa imekwisha kuvimba. Hata hapo hawakumwosha. Siku tatu, sheria ilisema. Siku ya pili homa ilipompanda ndipo Romana alipovunja sheria, akambeba mgongoni mpaka zahanati kwa Bwana Ahmadi.

Kornelio alikuja mwezi uliofuata. Alikaa mkekani, akamtazama mchumba wake, akalia kama mtoto. "Nani aliwaambia nazichukia?" aliuliza. "Mimi nilimposa mwenye nembo." Alikuja mara mbili tena, na mara zote mbili Natalia hakutoka chumbani. Mwaka jana ameoa Nachingwea.

Tangu hapo Romana hajashika kisu. Anaishi kwa korosho za kukaanga, anazipima kwa kopo tupu la sigara, senti kumi kopo, na siku njema huuza makopo kumi na tano penye kituo cha malori. Watu humwuliza anawezaje kushika tena ganda lile lile. Hujibu kwamba tumbo halichagui. Lakini Brigita, aliye jirani yake miaka yote, ana jibu jingine: "Anajiadhibu. Mtazame vidole. Wenzake wote hujipaka majivu kabla ya kubangua. Yeye hajipaki."

Mwezi Juni, kule Lindi, Romana alimkunjulia daktari mkono wake ule laini na kumwomba achukue ngozi hiyo ampe Natalia. Daktari alimweleza kwa upole kwamba ngozi ya mtu mwingine haishiki, lazima itoke kwa mgonjwa mwenyewe.

"Nimemchoma," anasema Romana, "na hata kiraka siwezi kumpa."

Saa tatu asubuhi mgeni anabisha hodi. Ni msichana mwembamba mwenye mzigo mdogo kichwani na vumbi la safari miguuni. Anapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Mitole, Kilwa. Siku mbili za lori. Naitwa Mastura." Anavuta pumzi. Mashavuni ana nembo, mistari miwili miwili. Bibi yake mzaa mama ni Mmakonde. "Nimeambiwa Mtama kuna fundi anayefuta. Nimeleta shilingi nane."

Mti alioushika Romana unaanguka. "Hakuna fundi hapa."

"Mama, nimetoka mbali. Mchumba wangu ni mtu wa Kilwa Kivinje. Mawifi zangu wananiita gamba la mti."

"Na wakuite. Rudi kwenu."

"Wapo wengine Lindi, nimesikia. Shilingi tatu tu. Nimekuja kwako kwa sababu wanasema mkono wako hautetemeki."

Romana anaketi chini. Mastura anafungua pindo la kanga na kuanza kutoa fedha, akidhani hiyo ndiyo shida.

Ndipo Natalia anaposimama kizingitini. Kwa miaka miwili hakuna mtu asiye wa nyumba hii, ila Bwana Ahmadi, daktari wa Lindi na yule mchumba, aliyeuona uso wake mzima. Anatembea hadi katikati ya ua, anasimama mbele ya mgeni, anaishusha kanga mpaka mabegani.

"Tazama vizuri," anasema. "Ni huyu huyu fundi. Mkono haukutetemeka."

Brigita anageukia ukutani. Mastura hageuki. Anatazama kovu linalong'aa, mdomo uliovutwa, jicho lililo wazi. Na chini ya kovu, kwenye taya, anaona kitu kilichobaki: mistari mitatu myeusi ya mkaa wa mbarika. Mafuta yalichukua uso, yakaiacha nembo.

"Linalalaje?" anauliza Mastura. "Jicho."

"Halilali."

"Na Lindi hakuna hospitali?"

"Ipo. Wananingoja Jumanne. Naogopa kisu."

Mastura anapanguza machozi kwa kiganja. Kisha, kwa ukali wa mtu aliyeshtuka, anasema: "Mimi nimepanda lori siku mbili kufuata cha kuniunguza. Wewe una cha kukuponya hapo jirani tu, unakiogopa? Basi tumeachana wapi kwa ujinga, dada?"

Natalia anacheka, kwa upande mmoja wa mdomo ulio huru. Romana anainua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina. Anasema baadaye hajausikia mcheko huo tangu mwaka 1955.

Mastura hakukaa. Alikunywa maji, akafunga shilingi zake, akaenda kituoni. Alipoulizwa kama atapitia kwa wale wa Lindi, hakusema ndiyo wala hapana. Romana alimfuata njiani mpaka kwenye mnazi wa mwisho akimsihi, na alirudi hajui kama amesikilizwa.

"Njia hii niliianza mimi," anasema. "Wale wa Lindi waliona mkono wangu uliofifia, hawakungoja kuona uso wa mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini naweza kusimama hapa nikawaambia wenzangu pana utelezi."

Mchana jua linapogonga utosi, Natalia anatamka uamuzi wake, macho yakiwa kwenye korosho. Atakwenda Jumanne. Bwana Ahmadi ametumiwa habari, naye amejibu kwamba ashukuriwe Mungu, ila wasitazamie uso wa zamani. Kinachotafutwa ni ukope tu. Ukungu ulio kwenye jicho huenda usiondoke.

Natalia ana sharti moja. Daktari amemwambia atachomwa sindano ya ganzi, atakuwa macho, na akisikia maumivu apige kelele. Yeye hajui kama ataweza. Amelelewa kunyamaza.

"Kwa hiyo mama aombe ruhusa aingie nami," anasema. "Anishike kichwa kama siku ile. Nikinyamaza, asiniamini."

Romana anasugua mikono yake iliyobabuka juu ya kanga, tena na tena, kama anayetaka kuisafisha kabla ya wakati. Amekwisha kuuza mbuzi wake wa pekee kwa ajili ya nauli na siku za kukaa mjini. Akiulizwa anatumaini nini Jumanne, hataji jicho, wala ukope, wala arusi.

"Nataka nimsikie analia," anasema. "Nikimsikia tu, nitajua pa kuwaambia wasimame."