Wifi Yeon-ok na Gari la Debe

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na mimi na wifi yangu Tak Yeon-ok tuligongana vya kutosha miaka ya mwanzo. Kwa hiyo mkinisikia namsifu, mjue si mazoea yangu.

Yeon-ok ni mpishi katika jiko la shule ya msingi hapa Gunsan. Aliolewa na kaka yangu wa pekee, Ma Jong-gil, ambaye anauza vigae vya bafuni, na wanaishi na mama yetu ghorofa ya nne. Mimi nina saluni yangu ng'ambo ya barabara, na chakula cha jioni mara nyingi nakila kwao. Wifi ni mwanamke wa mikono minene na maneno machache. Sokoni habishani bei kama sisi wengine. Atauliza swali moja, kisha atanyamaza, mpaka muuzaji mwenyewe aone haya kwa ule ukimya na aanze kuongezea figili kwenye mfuko.

Gari lao la zamani lilikufa tukiwa njiani kwenda kufyeka kaburi la baba kabla ya sikukuu ya mavuno. Lilipanda kilima nusu, likatoa moshi, likakata roho. Tukamkalisha mama juu ya kreti la kabichi kando ya barabara, na kaka akasimama akiliangalia lile gari kama mtu anayeangalia mkopo wake.

"Basi," akasema. "Safari hii tunanunua jipya. Jipya la kutoka kiwandani, si la kumrithi mtu."

Hakuna aliyepinga. Mabishano yalikuja baadaye, kwenye madaraja. Kwetu gari moja huuzwa kwa madaraja manne. La juu lina kila kikorombwezo, na la chini kabisa, lisilo na kitu, watu wanaliita debe. Ukiegesha debe mbele ya nyumba, jirani atakuuliza kwa upole kama biashara inakwenda. Na kaka yangu ana wenzake aliosoma nao sekondari, wanaokutana kila mwezi kula samaki mbichi. Wanasema wanakutana kula samaki. Ukweli ni kwamba wanatoka nje kuangaliana magari.

"Tuchukue la juu," kaka akasema mezani. "Tunanunua mara moja maishani. Paa la kioo, viti vya ngozi, spika za kule nyuma."

"Mama, wewe unataka nini?" wifi akamuuliza mama yetu.

"Mimi popote ninakaa," mama akajibu, akaendelea kuchambua mifupa ya samaki.

Jumamosi wakaenda duka la magari, nami nikawafuata kwa udadisi tu. Muuzaji alikuwa Bwana Seok, kijana mtanashati mwenye viatu vinavyong'aa kuliko magari yenyewe. Akamkalisha kaka kwenye usukani, na kaka akaanza kubonyeza kila kilichobonyezeka. Yeon-ok hakwenda mbele. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akaufunga, akakaa. Akaketi kiti cha kati, kisha cha nyuma kabisa, kisha akatoka, akaingia tena polepole, huku amekunja goti moja kama mtu aliyeumia.

"Mama, njoo huku mbele uone," Bwana Seok akamwita. "Usukani unajipasha joto wenyewe."

"Niko sawa huku."

Kaka akageuka. "Mama Se-rin, unafanya nini huko, unatafuta kilichopotea?" Se-rin ni binti yao, muuguzi kule Jeonju.

"Mama alipanda lile gari letu mara ngapi mwaka huu?" wifi akamuuliza.

"Hapendi kutoka siku hizi. Ni umri."

Wifi akatoka garini, akaufunga mlango. Jibu alinipa mimi siku chache baadaye, nikiwa nampaka rangi nywele zake. Mama yetu miaka yote alikuwa akienda nyumba ya kuogea kila Jumatano na rafiki zake. Wanalowa kwenye maji ya moto, wanasuguana migongo, wanasengenya mitaa mitatu. Tangu majira ya kuchipua alikuwa ameacha. Alisema maji yamezidi moto. Alisema amechoka.

"Wifi, mama yenu hajachoka," Yeon-ok akaniambia. "Anaona haya. Siku ile ya mwisho kaka yako alimpandisha garini kwa kumsukuma kiunoni, kama gunia la mchele, Bibi Gye na wenzake wamesimama pale mlangoni. Walicheka kidogo. Wala si kwa ubaya. Mama naye akacheka. Lakini hajarudi tena."

Nikabaki na brashi mkononi. Sisi aliotuzaa tulikuwa tunamnunulia dawa ya uchovu.

Tuliporudi wote watatu kwa Bwana Seok, wifi alijua anachotaka: mlango unaoteleza wenyewe pembeni, ngazi ndogo inayojitokeza chini mlango unapofunguka, na mshikio wa kushika. Basi. Bwana Seok akatabasamu.

"Vipo, mama. Vinaanzia daraja la tatu. Unapata pamoja na paa la kioo, ngozi, na skrini mbili za nyuma."

"Sitaki paa. Nataka ngazi."

"Vinakuja pamoja. Ni kama chakula cha seti."

"Mimi napika chakula cha seti kila siku," wifi akasema. "Kuna mtoto karanga zinamvimbisha mdomo. Huyo namtengea sahani yake. Simwambii asile."

Kisha akanyamaza. Nilimwonea huruma yule kijana, maana naujua ukimya ule. Alitazama kompyuta yake, akajikuna shingo, akapiga simu mahali, akarudi.

"Iko njia moja," akasema, lakini alikuwa anamwangalia kaka, siyo wifi. "Wanaobeba wazee kwenda vituo vya kulelewa huuziwa mlango na ngazi peke yake. Mtu binafsi naye anaruhusiwa kuagiza. Ila ni kwa daraja la kwanza tu, lile la chini. Rangi ni nyeupe au kijivu. Na kiwanda kinayatengeneza kwa mafungu, kwa hiyo mtangoja mpaka baridi iishe."

"Daraja la kwanza," kaka akarudia. "Yaani debe."

"Debe lenye ngazi, bosi wangu."

"Jeupe," wifi akasema.

Njiani kurudi kwa teksi kaka hakunyamaza hata kwenye taa nyekundu. "Mama Se-rin, unataka kunizika hai. Wenzangu watasema nini? Watasema vigae haviuziki."

"Waambie vinauzika."

"Viti vya kitambaa. Mtu mzima na mvi zangu, nikae kwenye kitambaa."

"Ngozi inateleza. Mama ataanguka ukipiga breki." Kisha akalainika kidogo. "Chagua kitu kimoja, Baba Se-rin. Kimoja tu, cha kwako peke yako. Tutakiongeza."

Alichukua wiki nzima kufikiri. Nilidhani atachagua spika. Akachagua ule usukani wa joto. Anakata vigae kwa maji baridi majira yote ya baridi, na vidole vyake hupasuka mpaka damu, jambo ambalo halisemi kwa mtu. Wifi aliposikia, jioni ile alimwekea kipande kikubwa cha samaki.

Wakaagiza, wakangoja. Kaka alikwenda kwa wenzake kwa basi na kurudi na kisirani. Mama alibaki ndani na televisheni yake. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Halafu, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ukiwa unakaribia, Bwana Seok akapiga simu. Kuna mtu amevunja oda yake. Gari lipo yadi, daraja la juu kabisa, samawati iliyokolea, na kwa kuwa limekosa mwenyewe bei imeshuka sana. Linaweza kuondoka wiki hii.

Kaka alishavaa koti kabla simu haijakatika.

"Chukueni," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Hilo debe lenu likifika mimi nitakuwa nimeshakufa."

Yeon-ok alikuwa anaosha mchele. Akaufunika, akajifuta mikono. "Twende tukalione kwanza. Mama naye aje. Wifi, funga saluni."

Gari lilikuwa zuri. Siwezi kusema uongo. Lilikuwa linang'aa pale yadi hata mawingu yanaonekana juu yake, na ndani linanuka kiatu kipya. Kaka alilizunguka taratibu, mikono nyuma, kama baba wa bwana harusi.

"Mama, panda," wifi akasema.

Sakafu ya gari lile ilikuwa juu. Chini ya mlango kulikuwa na ukingo mwembamba wa kung'aa, wa urembo kuliko wa kukanyagia. Mama akanyanyua mguu, ukarudi. Kaka akamwingizia mikono kwapani, akamwinua, akamkalisha kwenye ngozi.

"Nzuri," mama akasema. "Nzuri sana." Lakini uso alikuwa ameugeuzia dirisha la pili.

Yeon-ok alisimama na mikono mifukoni. "Mama, shuka, upande tena."

"Ya nini tena?"

"Ukienda mahali utapanda na utashuka. Tuone."

Nilitaka kumwambia aache. Niliona ni ukatili, na baridi ile. Mama akashuka kwa kuteleza, kaka akimdaka, akaanza upya. Safari hii aliweka goti kwenye ukingo, akakwama hapo, nusu ndani nusu nje, sketi imevutika, mikono inatafuta pa kushika kwenye ile ngozi laini. Kaka akaweka mikono kiunoni mwake.

"Jong-gil," mama akasema taratibu, bila kugeuka. "Usinisukume, mwanangu."

Kaka akaondoa mikono kama aliyeungua. Bwana Seok aliinama akaangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo. Yeon-ok ndiye aliyekwenda, akasimama pembeni ya mama, akamtolea bega lake tu, bila kumshika. Mama akaliegemea, akashuka, akajinyoosha sketi.

Kaka yangu aliufunga ule mlango mwenyewe. Akaufunga kwa heshima, kimyakimya.

"Mpe mwingine," akamwambia Bwana Seok. "Sisi tunangoja letu."

Kwenye teksi kaka alikaa mbele na dereva. Yeon-ok alimuuliza kama anunue maandazi ya mvuke, akatikisa kichwa kukubali, na tukayala humo humo ndani, moto, mama naye akala mawili.

Debe lilifika miti ya cheri ikiwa imeanza kuvimba vichipukizi. Jeupe, tupu, na vitasa vyeusi vya plastiki. Wifi aliweka mbele yake samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe na keki za mchele, kaka akamwaga pombe ya mchele kwenye kila tairi, tukainama wote kumwomba mlinzi wa njia atuepushe na ajali. Kisha wifi akabonyeza kitufe. Mlango ukateleza, ngazi ikajitokeza chini yake.

Mama aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Akaigusa kwa ncha ya kiatu. Akakanyaga, akashika mshikio, akaingia, akakaa. Kaka alikuwa amejifunga mikono nyuma ili isimponyoke.

"Mbona mmesimama?" mama akauliza. "Leo si Jumatano?"

Tukaenda moja kwa moja nyumba ya kuogea. Bibi Gye alikuwa mlangoni na ndoo yake ya sabuni, akalitazama gari tangu taa mpaka buti.

"Ee, Mama Jong-gil, hili si debe?"

"Debe ni mdomo wako," mama akamjibu, anashuka kwa starehe zake. "Wewe panda, kama magoti yanakuruhusu."

Bibi Gye akapanda. Akashuka, akapanda tena. Tangu siku hiyo Jumatano wifi akitoka jikoni huwapitia vikongwe wanne, na ukisimama kwenye taa karibu nao utasikia kelele kabla hujaliona gari.

Kaka yangu hajawa malaika. Akiona paa la kioo bado hugeuza shingo. Wenzake walimcheka vilivyo mwezi wa kwanza, naye akawaambia tu kwamba vidole vyake vina joto, walie wenyewe.

Wala wifi hakupatia kila kitu. Mwisho wa mwaka, siku ya kutengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, pipa alilobeba garini lilipinduka alipokata kona, na mchuzi wote mwekundu wa pilipili na kitunguu saumu ukanywewa na viti vya kitambaa. Aliosha kwa siki, akaosha kwa magadi. Harufu haikutoka.

"Ngozi ingefutika," kaka akasema.

"Ingefutika," wifi akakubali, kitambaa mkononi. "Hapo nilikosea."

Aliyelalamika kupita wote alikuwa mama. Alisema ananuka kama gudulia la kimchi, kwamba huko bafuni wanamtania, kwamba heshima yake imekwisha. Alilalamika majira yote ya baridi, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. Mwishowe akakikataa kiti chake cha nyuma, akahamia mbele, ingawa huko hakuna ngazi na hupanda kwa kuegemea bega la wifi. Sasa anakaa pale ubavuni mwa Yeon-ok, kidole kiko dirishani, anamwambia apunguze mwendo, na awahi, na yule mwenye lori asimwachie njia.