Maharage ya Kopo Yaliyopanda Maguu

Benadetha aliolewa na mwanaume mwenye mdomo mkubwa kuliko duka lake, na duka lenyewe halikuwa dogo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, kila mwenye magunia mawili anajiita mfanyabiashara. Wendelin naye akaweka mlango wa kioo, akaandika juu yake SUPAMAKETI. Kisa kioo. Watu walikuwa wanasimama pale kuchana nywele, wanaendelea na safari zao.

Halafu akaenda semina Dar. Alirudi kaokoka, ila si kwa Yesu, kwa mboga. "Punguzeni nyama," akawa anawahubiria wateja. "Kuleni mimea muishi sana." Anawaambia Wamatengo hao, watu wanaokutana na nyama Krismasi na Pasaka, tena kwa kusalimiana tu. Mama mmoja aliyefuata kiberiti akamuuliza, "Nipunguze ipi, baba? Ya mwaka jana au ya mwaka kesho?" Wendelin akamwona mshamba.

Akatenga rafu nzima, akaibandika jina: Kona ya Afya. Maharage ya kopo kutoka ng'ambo, maziwa ya soya ya boksi, karoti zinaelea kwenye maji kama zimelazwa wodini. Wakati huohuo, akina mama waliokuwa wanauza maharage na majani ya maboga barazani kwake akawatimua, eti wanaharibu sura ya duka. Mhubiri wa mboga anafukuza mboga. We acha tu.

Benadetha angecheka kama wengine, ila yeye alikuwa na lake. Kule Maguu, kijijini kwa akina Wendelin, alikuwa na shamba la ngoro, yale mashimo ya mteremkoni: wanaume wanafyeka na kulaza nyasi, wanawake wanazifukia na udongo, maharage yanapandwa juu. Alipewa na ukoo alipoolewa, na hakuna kingine duniani kilichoitwa cha Benadetha. Sasa lilikuwa limelala tu, maana kila akimwomba mumewe akalaze nyasi, anajibiwa, "Mke wa supamaketi akalime ili iweje?" Na Babu Ignatio, mkubwa wa ukoo, alishatuma neno: Jumapili anaamua. Shamba lisipokuwa na mwenyewe, anapewa Otilia, mke wa mdogo wake Wendelin.

Jumapili hiyo ukoo ulikuwa na sengu. Kila mke anapika kwake, anapeleka chungu kwa babu, wanaume wanakula pamoja. Benadetha hakuwa na punje ya maharage.

"Punje ya nini?" Wendelin akasema, akabeba makopo ya Kona ya Afya na kuyafungulia palepale jikoni Maguu. "Leo wazee wataonja maendeleo."

Otilia alichungulia chungu cha Benadetha. "Mama Kilian, haya maharage yako yamepaka rangi ya mdomo?"

"Ya mjini hayo."

"Naona. Hata moshi hayajawahi kukutana nao."

Benadetha akapeleka chungu, akapiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba." Babu akamega tonge, akachovya, akatafuna, akaacha kutafuna. "Nani kamwagia chai maharage?"

Wanaume wakainamisha vichwa, mabega yanacheza.

"Ni nyanya na sukari kidogo, babu," Wendelin akadakia. "Hayana mafuta. Wataalamu wanasema..."

"Nimekuuliza wewe?" Babu akamgeukia Benadetha. Alikuwa na mazoea yake: halipiti tonge la pili kabla hajajua mboga imetoka shamba la nani. "Haya ya wapi, Mama Kilian?"

Wendelin akamkonyeza: sema ya kwetu. Akisema hivyo, babu atataka kupelekwa shambani, na majani kule yanafika kiunoni. Akinyamaza, Otilia huyo hapo mlangoni, anasubiri kama paka wa jikoni.

"Ya rafuni, babu," Benadetha akasema. "Shamba langu lina majani. Anayetakiwa kulaza nyasi yuko mjini anawafundisha watu kula maharage."

Hapo hakuna aliyejizuia. Otilia alicheka mpaka akashika nguzo, akasahau kwamba shamba ndilo linamponyoka.

Babu hakucheka. Njaa ilikuwa inamuuma. "Shamba lina mwenyewe, linakosa mlaza nyasi tu. Linabaki la Mama Kilian. Wewe Wendelin, hutii mkono kwenye sengu hii mpaka nyasi zilale. Si mimea ni uzima? Nenda kaifyeke."

Chungu akapelekewa nguruwe. Alinusa, akafikiri, akala upande mmoja tu.

Jumatatu mtaalamu wa lishe alikuwa mteremkoni na fyekeo, kavaa fulana ya semina. Duka akabaki nalo Benadetha. Kitu cha kwanza, akawarudisha akina mama barazani. Otilia naye akashuka na maharage ya ngoro yake na yale makopo matupu, kayaosha, picha bado ziko kiunoni. Kopo moja, bei moja, mteja anamiminiwa mpaka linafanya kichuguu. Hata wapita njia wa kuchana nywele wakaanza kununua.

Nyasi zilipolala, Wendelin akarudi na malengelenge mikono yote. Akasimama mbele ya kioo chake.

"Nani kawaruhusu hawa?"

"Kona ya Afya imehamia nje," Benadetha akamjibu. "Shika kopo hilo, mpimie mama huyu. Na ujaze vizuri."