Mtoto Anayefuata

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa ikilia mara moja, ti, kila ilipomkutanisha mtoto aliyepotea vitani na mtu anayemtafuta. Mlio mdogo kama wa kifaranga. Aliyekuja baada ya Cécile Mukunde, mtengeneza programu wetu, aliuzima siku ya kwanza, akasema unamsumbua. Tangu hapo, mpaka ofisi ilipofungwa, watoto walipatikana kimya kimya, au hawakupatikana kimya kimya. Ukiwa chumba cha pili hukuweza kujua.

Cécile alifika Kigali Septemba 1994 kutoka Bujumbura, alikozaliwa na wazazi wakimbizi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, gauni mbili, na boksi la disketi alilolipakata njia nzima. Ndani ya disketi hizo mlikuwa na maktaba ya programu, yaani vipande vilivyokwisha kutengenezwa na watu wengine ili asianze kila kitu upya. Kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa orodha.

"Hii inajitunza yenyewe," aliniambia. "Huna haja ya kujua imejipangaje tumboni. Inakupa mpitaji, unamwambia: niletee anayefuata. Akimleta, unamwambia tena: anayefuata. Mpaka waishe."

Mimi nilikuwa karani wa madaftari. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hivyo jina halikuambii nani ni ndugu wa nani, na wengine walikuwa wadogo mno hata kulitaja. Basi hatukuwapanga kwa majina. Tuliwaandika kwa siku na mahali walipopatikana, aliyetangulia kufika akitangulia daftarini, na Cécile akawaingiza katika mashine vivyo hivyo, pamoja na umri na alama za mwili. Kila daftari lilipitiwa mara moja tu, kwa sababu mafuta ya jenereta yalikuwa ya kuomba. Mpitaji alitembea tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyepata mtu wake aliondolewa kwenye orodha, ti. Waliobaki walichapwa kwenye karatasi yenye kichwa "Wasio na Mtu", ikaenda kwa Gakwaya, shefu wetu, yaani mkuu wa ofisi, aliyekulia Kampala. Yeye aliwatafutia nafasi katika vituo vya watoto vya mbali, lori likawachukua, daftari likafungwa.

Novemba alikuja Pudentienne, mama aliyewatafuta watoto wake wawili. Daftari la sita lilimpa mwanawe Rwema, wa miaka tisa. Halikumpa Shimwa, binti wa miaka minne.

"Mshukuru Mungu, mama," Gakwaya alimwambia. "Mmoja amepatikana."

"Nimemshukuru. Sasa nipe Shimwa."

"Mashine inasema hayuko."

"Walitoka pamoja. Huyu alimshika mkono." Alimsukuma Rwema mbele. "Sema."

Rwema alisema. Alimshika dada yake mpaka kwenye hema la madaktari. Hapo Shimwa alikuwa na homa, hasemi, wakambeba wakampitisha mlango mwingine.

"Watoto husema mengi," akasema Gakwaya, akarudi kwenye karatasi zake.

Pudentienne hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi zetu siku ile na siku iliyofuata, Rwema mapajani, mtoto mkubwa ambaye hapakatwi tena.

Jumatano asubuhi Cécile alikuwa mtaa wa Biryogo kwenye bomba. Majumbani maji hayakuwepo, madumu yakawa yanapanga mstari badala ya wenyewe. Benon, mwenye bomba, alikuwa na mtindo wake: alitembea na mpira wa maji kando ya mstari, hatua moja kwa kila dumu. Lililojaa alilitoa, akina mama wakasukuma mengine kwa miguu kuziba pengo, naye akapiga hatua.

"We Benon!" bibi mmoja alimaka. "Umeniruka!"

"Sijaruka mtu, bibi. Kila hatua dumu."

"Dumu la nani? Langu hili hapa, kavu kama kichwa chako!"

Watu walicheka. Cécile alitazama dumu la bibi, lililosogea mahali pa lile lililotolewa, nyuma ya kisigino cha Benon. Akaacha la kwake palepale.

Aliingia ofisini na tope miguuni. "Nimewaruka," aliniambia. "Kila ninapomtoa mtoto, aliye nyuma yake anasogea mahali pake, na mpitaji wangu anapiga hatua. Hamwoni kabisa. Fungua daftari la sita. Nani yuko baada ya Rwema?"

Nilifungua. Rwema alikuwa wa 114. Wa 115: msichana, miaka minne hivi, jina halijulikani, homa, kovu kidevuni, amelazwa hospitali. Mwandiko ulikuwa wangu. Ndugu hufika pamoja, huandikwa pamoja, na kwa mpango wetu ule mzuri ndio hasa tuliokuwa tunawaacha.

Gakwaya alisikiliza akiwa amesimama. "Daftari la sita limefungwa. Lori ni kesho. Mashine imesema hayuko."

"Mashine haikusema hayuko, shefu. Mashine haikumuuliza."

"Nyinyi wa Bujumbura mmelelewa kubishana."

"Na nyinyi wa Kampala mmelelewa kufunga madaftari. Mimi nayafungua. Yote sita."

"Niwaambie wakubwa tumekosea mara sita?"

"Niliyekosea ni mimi. Wape jina langu, nitakutajia herufi moja moja." Alichomoa disketi yenye orodha ya lori, akaitia ndani ya gauni, kifuani. "Bila hii lori haliendi. Njoo uichukue."

Gakwaya, mtu wa kanisa, alitazama dirishani.

Dawa ilikuwa mistari minne ya programu. Mpitaji awapite wote kwanza, aliyepata mtu wake atiwe alama tu, asiguswe mahali pake. Kuondoa ni baada ya wa mwisho. Mafuta tuliyavuta kwa mpira kutoka tangi la lori lilelile, Cécile akitema petroli na kutukana kwa Kirundi.

Kwenye 115 mashine ililia. Pudentienne, pale ngazini, hakujua mlio ule ni wa nini. Mimi ndiye niliyetoka kumwambia kwamba Shimwa yuko hospitali. Alimtua Rwema chini, akasimama, akaniuliza njia ya kwenda hospitali ni ipi.

Katika madaftari yote sita ililia mara kumi na moja kwa watoto tuliokuwa tumewaruka. Saba walikuwa bado Kigali. Wanne walikwisha kupelekwa kituo cha watoto cha Butare kwa lori la Oktoba.

Gakwaya alimfukuza kazi kabla ya jua kuzama, kwa barua iliyosema ametumia jenereta bila idhini. Cécile aliisoma, akaomba kalamu, akaongeza chini yake "na mafuta ya lori", kisha akatia sahihi. Asubuhi alimkabidhi dereva disketi ya orodha, sasa imepungua watoto, na kwa kuwa nafasi zilikuwepo, akapanda yeye, kwenda Butare kuwafuata wale wanne.

Watatu aliwarudisha kwa watu wao kabla ya Krismasi. Wa nne alikuwa amehamishwa, na aliyemhamisha hakuandika wapi.

Mpaka leo Cécile anaishi Butare, nyumba ya tatu kutoka kituo kile cha watoto.