Nilivyoihukumu Medali ya Babu Rashidi

Mie ni fundi wa kuchonga majina kwenye vikombe na ngao, hapa Mikocheni. Kazi nikishaimaliza naisahau. Juzi walikuja Bi Zuhura na binamu yake Rajabu, watu wa Mbagala, na medali ya askari wa mkoloni wa Vita Kuu ya Pili. Kila mmoja alidai ni ya babu yake. Ukingoni palichongwa RASHIDI, jina la babu yake Rajabu.

"Tuambie tu, fundi," alisema Bi Zuhura. "Jina hili ni la zamani, au kuna mtu kaliongeza?"

Rajabu alikuwa anamvuta waende kwa fundi mwingine. Nikaona ananidharau, basi nikaamua kumwonyesha. Nikavaa miwani, nikatoa lenzi, nikanyamaza kama hakimu.

"La zamani," nikasema. "Tazama weusi ulivyoganda ndani ya herufi. Halafu huu mguu wa R, umevutwa mpaka ukapita chini ya A. Mkono wa namna hii haupo tena Dar es Salaam. Aliyechonga hapa keshakufa zamani."

Nilitegemea Rajabu afurahi, kumbe anatazama viatu vyake.

Bi Zuhura akainua kikombe nilichokimaliza asubuhi ile, kimeandikwa TIMU BORA. Mguu wa R ulikuwa umevutwa mpaka chini ya A. Akakiweka taratibu kando ya medali.

"Pole na msiba, fundi," akasema.