Siku Niliyotoa Wosia wa Watoto kwa Sababu ya Mguu

Bado naona haya, lakini bora mkisikie kisa hiki kwangu kuliko kwa majirani.

Mimi ni sekretere wa ofisi moja hapa Kamina. Nina tansio, damu yangu hupanda, na daktari alinipa dawa ya kukojoza, akaniambia nipunguze uzito polepole. Mimi, kwa pupa, nikaacha ndizi, viazi na maharagi, nikabaki na chai na mkate mkavu.

Juzi nilisimama kumpelekea mkubwa wetu karatasi, mguu wa kushoto ukakakamaa, ukakataa kusogea. Marehemu mama alipooza upande huohuo. Nikaanguka kitini.

"Papa Kasongo," nikamwambia mwenzangu wa ofisi, "iko paralizi. Ambia bwana yangu achunge batoto. Asioe mbiombio."

Wakanipeleka kwa pikipiki hadi kituo cha afya. Muuguzi alibonyeza msuli, akaunyoosha mguu taratibu, akauliza ninakula nini. Nikamweleza.

"Mama, hii iko krampe, msuli umejikaza tu," akasema. "Ile dawa inakojosha potasiamu ya mwili, na weye umeacha vyakula vyenye kuirudisha. Tutapima damu tuhakikishe. Simama kwanza."

Nikasimama. Nikatembea.

Ndipo nikasikia vilio nje. Papa Kasongo alikuwa amekwisha kupiga simu nyumbani, na habari ya paralizi ikafika huko kama kifo. Mume wangu akaingia akilia, na nyuma yake wamama wa kwaya yetu ya kanisa, wamefunga vitambaa vya matanga, wakiimba. Waliponiona nimesimama kwa miguu yangu miwili, wimbo wa mazishi ukakatika katikati, nami sikuwa na pa kuficha uso.