Ngazi ya Kuzuia Mkono

Nianze na ujinga wenyewe ili mnicheke mapema: nilijenga ngazi. Ngazi ya kweli, mawe na saruji, vipandio vitatu, kwenye njia ya kupandia kwetu. Mtaa ulinisifu. Mzee mmoja wa kanisani alisema vijana wa aina yangu wamebaki wachache. Nikainamisha kichwa kama mtakatifu, na moyoni najua kabisa nimeijenga ili mtu fulani asimshike tena mama yangu mkono.

Tunakaa Mabatini, upande wa juu, kule ambako nyumba zimeng'ang'ania mawe kama mbuzi. Kabla ya kufika kwetu kuna jabali moja linalokuzuia njia. Mimi naliruka. Mama haruki. Mama yangu ni bonge, na sisemi kwa kumdharau, ndivyo alivyo, hata kiti chetu cha plastiki kinamjua. Shuleni kuna jamaa waliwahi kuniambia, "Maza wako akipanda mlima, mlima unashuka." Nilicheka kabla yao. Ukiwahi kucheka, utani wao unakosa pa kukaa.

Tangu baba afariki, nikiwa darasa la nne, mama alikuwa analipanda lile jabali peke yake, na beseni la dagaa kichwani, anahema na kulitukana kwa Kisukuma. Halafu akahamia fundi viatu. Mwembamba kama uzi anaoshonea, naye mjane, akaweka kigoda chake kando ya jabali, chini ya bati la mtu. Jioni moja nikiwa mlangoni nikamwona anaweka kiatu chini, anainuka, anamwamkia mama kwa Kisukuma, ananyoosha mkono.

"Mwadila, mayu. Lete mkono."

Na mama, ambaye hajawahi kushindwa na hilo jiwe hata siku ya mvua, akaleta mkono.

Sikupenda. Nikahesabu hivi: au anamcheka, au anataka dagaa wa bure. Nikaanza upelelezi. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mama anamaliza kupanda, lakini mkono haujamaliza kushikwa. Jambo la pili, madamu mmoja mwembamba anayepanga juu yetu alipita pale na vitabu na kiatu cha kisigino, fundi hakuinuka hata kidogo. "Pita madamu," akaendelea kushona. Lakini alipokuja mama lishe wa jirani, bonge mwenzake mama, na masufuria yake, fundi huyo, wima!

Nikaona kesi imekwisha. Usiku tukiwa tunakula nikatupa bomu.

"Mama, yule fundi anamshika mkono hata mama lishe."

Kijiko cha mboga kikasimama hewani.

"Yule anashikwa masufuria," mama akasema. "Hashikwi mkono. Tazama vizuri."

Nikamwangalia. Kumbe hapa kwetu wapelelezi tuko wawili.

Kesho yake nikachukua raba yangu nzima, nikaichana soli kidogo, nikaenda kumhoji mtuhumiwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mjomba. Hii mbona kama imechanwa na wembe?"

"Mawe hayo." Nikabadilisha mada haraka. "Fundi, mbona yule madamu humsaidii kupanda?"

Akavuta uzi kwa meno. "Madamu anapaa mwenyewe, upepo tu wa ziwa unamtosha. Mama yako akiweka mguu, hata jiwe linajua limepata mgeni. Mtu wa vile ukimshika mkono, mjomba, unajua umeshika mtu."

"Unamcheka?"

Akaniangalia kwanza. Hakuwa anatabasamu. "Nani anamcheka? Niambie nani."

Nikazidi kumshuku. Mtu anayecheka unajua anachotaka. Huyu je? Na kama mama amezoea kushikwa, halafu huyu bwana akahamisha kigoda chake Ilemela, nani atakaa naye jioni akilitukana jabali tena? Mimi? Mimi mwakani niko bweni.

Ndipo ikanijia akili ya ngazi. Mama alikwenda Buzuruga kumuuguza dada yake, akalala huko. Nikaomba saruji iliyobaki kwa jirani anayejenga, nikamwita rafiki yangu, tukabeba mawe mpaka penye jabali. Kilichonichosha roho ni fundi. Badala ya kununa, akatuazima nyundo!

"Hilo la juu wekeni pana," akasema. "Mguu wake utulie."

Rafiki yangu akaninong'oneza, "Huyu hana habari, au anatuchora kama wajinga?"

"Anatuchora," nikasema, ingawa sikujua anatuchora wapi.

Saruji ilipokauka tuliruka juu ya ile ngazi, sote wawili kwa pamoja, na mfuko wa mawe mgongoni. Haikutikisika. Nawaambia hili mapema ili baadaye msije mkanisingizia.

Mama akarudi siku ya tatu jioni, mizigo yake ndani ya beseni kichwani. Mimi niko mlangoni, nimejiegemeza kama mhandisi. Akafika chini, akaiona ngazi. Akamwangalia fundi. Fundi safari hii hakuinuka, kiatu kimebaki mapajani, mikono hajui aiweke wapi.

"Mwadila, mayu. Kijana wako amekujengea."

"Nimeona," mama akasema.

Akapanda kipandio cha kwanza, taratibu. Cha pili. Kwenye cha tatu akasimama. Akasimama sana. Beseni limetulia kichwani, uso ameuelekeza ziwani, na mkono wake wa kulia ukawa unaning'inia tu, kama kitu ambacho mtu amekisahau nje. Hapo, nakiri, ushindi wangu ukaanza kunikaa vibaya.

Halafu ule mkono ukanyooka pembeni. Hakugeuza hata shingo. Fundi akainuka mbio mpaka kigoda kikaanguka.

Mama alipofika mlangoni akanipa beseni, akapanga kanga yake upya, akaniambia:

"Umejenga vizuri, baba. Ila lile jiwe la juu linacheza. Usiliguse, liache hivyohivyo."